Wapiga picha wa gazeti watufundishe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Sisi tunaojifunza kupiga picha kwa kusoma vitabu tupo wengi, ada ya chuo hatuna, na bando la kuangalia video kila siku nalo ni hela, kwahiyo tunanunua vitabu vya mitumba vinavyopangwa barabarani kule Posta tunajifundisha wenyewe. Na vitabu vinafundisha kweli jamani, tusivibeze. Unasoma ukurasa mmoja wa shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, unatoka nje kujaribu, unarudi unausoma tena mpaka unaelewa kwanini daladala inayokimbia imetoka ukungu na ukuta wa nyuma yake umetoka safi.

Tatizo vingi ni vya Kiingereza na vimeandikwa kwa jua la wengine. Vyote vinasifia mwanga wa jioni, sawa, ila London mwezi Juni jua linazama saa 3 usiku na linashuka kwa mshazari taratibu, huku Dar linadondoka karibu wima, likishazama kama dakika 20 hivi giza limeingia. Mchana kitabu kinakwambia usipige, subiri jioni. Harusi ya saa 7 inasubiri jioni gani? Jua liko utosini, macho ya watu yote kivuli, na hapo ndipo mwanafunzi anapohitaji kuambiwa ahamishie watu kwenye kivuli cha ukuta au awashe fleshi kidogo ijaze macho.

Halafu ngozi, hili ndilo linaloniuma zaidi. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Bi harusi mweusi akivaa shela jeupe linalojaza picha, mita inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, shela linakuwa kijivu na uso unapotea, mwanafunzi anadhani kamera mbovu kumbe alitakiwa apime mwanga usoni. Kitabu kinaeleza jambo hilohilo kwenye sura ya kupiga picha theluji! Ukijua kuligeuza linafaa kwa kanzu na mchanga mweupe wa Paje kule Zanzibar, lakini anayeanza leo atajuaje? Na si ajabu vitabu viko hivyo, kwa miaka mingi hata kampuni ya filamu ya Kodak walipima rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, waliziita Shirley.

Sasa Mhariri ombi langu, gazeti lenu lina wapiga picha wanaofanya kazi kwenye jua hilihili kila siku. Mpiga picha Mohamed Amin aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia 1984 ujana wake wa picha ulikuwa hapahapa Dar, kwahiyo ujuzi upo nyumbani siku nyingi, haujaandikwa tu. Tupeni robo ukurasa kila Jumamosi, picha moja iliyotoka wiki hiyo, mpigaji aeleze alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, kasi ya shata ngapi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ngapi na kwanini. Sisi tutakata na kutunza, zikijaa mchapishaji yeyote anaweza kuzifanya kitabu.

Na mkikubali naomba ya kwanza iwe ya bi harusi mchana wa jua kali, maana kazi za harusi ndizo wengi wetu tunaanza nazo.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam