Shangazi, usiupime uvimbe wako kwa uvimbe wangu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu kwenye simu unanikwepa. Nikigusa habari ya huo uvimbe wa titi lako, unaniuliza kama Mbeya mvua imenyesha. Jumapili ukasema neno lililoninyima usingizi: “Wa kwako wa ulimi nao ulikuwa mgumu hivihivi, wakautoa, ukapona. Huu ni huohuo.” Kisha ukaaga, ukasema chai shambani haijichumi.

Naona niliwahi kukueleza nusu tu ya habari ya ulimi wangu, na hiyo nusu ndiyo unayoiegemea sasa.

Ulianza kama punje ya haragwe, ubavuni mwa ulimi. Hauumi, hautoi damu. Kituo cha kwanza nilichokwenda walinipa dawa ya kusukutua, nikasukutua miezi mitatu bila nafuu. Daktari wa meno ndiye aliyeushika kwa kidole, akasema atakata kinyama kiende maabara. Akakata kwa kina, na sababu alinieleza: uvimbe wa namna hii ukikaa chini, ngozi ya juu yake wakati mwingine hunenepa na kuzama ndani mpaka ikafanana na kansa. Anayekwangua juujuu anaweza kumwandikia mtu kansa asiyokuwa nayo. Nilipotolewa wote nilishinda wiki nzima kwa uji, unakumbuka, ule uliokuwa ukiniletea kwenye chupa ya chai.

Jina lake ni uvimbe wa seli zenye chembechembe. Kwenye hadubini, seli zake ni kubwa, zimejaa chembe ndogondogo kama unga wa dona. Daktari wa Kirusi, Aleksei Abrikossoff, aliueleza mwaka 1926 akidhani umetoka kwenye misuli. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo chake ni seli za Schwann, zile zinazovika mishipa ya fahamu. Na mishipa hiyo iko mwili mzima, kwa hiyo uvimbe huu nao hauna makao mamoja. Ulimi ndiko unakoonekana zaidi. Hutokea pia kwenye ngozi na nyama iliyo chini yake, kwenye zoloto, kwenye umio, kwenye njia za hewa za mapafu, hata kwenye mashavu ya uke, mahali ambapo wengi wetu tungekaa kimya mpaka tuzeeke nao. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na watu weusi zaidi ya weupe, wengi wakiwa na umri wa kati ya miaka 30 na 60.

Na titi, Shangazi. Sikufichi. Hutokea kwenye titi pia.

Lakini hapo ndipo nakuomba uweke kapu chini unisikilize. Kwenye titi uvimbe huu huwachanganya hata madaktari. Huwa mgumu, wakati mwingine huvuta ngozi ikabonyea, na kwenye mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, kingo zake huweza kuwa na miiba kama kansa yenyewe. Daktari mzoefu hawezi kuapa kwa kuushika tu. Sasa wewe umejuaje, ukiwa peke yako Tukuyu, gizani, kwa ncha za vidole? Uvimbe wangu ni wa nadra. Kansa ya titi si ya nadra. Umechagua lile jibu jepesi kwa sababu mimi ndiye ninayekujia akilini nikiwa mzima, ninakula, ninaongea. Kupona kwangu kusiwe ndiko kunakokufungia nyumbani.

Tena hata ukiwa ni huohuo, hauachwi. Hutolewa wote pamoja na ukingo wa nyama nzima, maana yakibaki mabaki unaweza kuota tena. Mara chache, kama 1 au 2 kati ya 100, huwa mbaya na kusambaa. Na mimi walinikagua ngozi na koo baada ya kupona, kwa kuwa wapo wanaokutwa nao zaidi ya mahali pamoja.

Nilipokuwa darasa la sita nikificha kidonda cha mguu, ulinivua soksi kwa nguvu ukisema mficha uchi hazai. Nililia, ukanibeba mgongoni mpaka zahanati. Nilikuwa mzito, na njia ya kwenu ni ya kupanda.

Alhamisi panda gari la mapema. Nitakuwa Uyole saa mbili asubuhi, tutakwenda wote Hospitali ya Rufaa. Nimeomba ruhusa kazini, na nauli nimeshakutumia kwenye simu. Baba nimemwambia kwamba unakuja kunisalimia. Hayo mengine utamwambia mwenyewe ukipenda. Vaa gauni la vifungo mbele, usihangaike kuvua kitenge mbele ya watu. Ndizi usibebe safari hii.

Ndaga fijo, asante sana, Shangazi. Ukishapanda gari, nibipu.