Vijana wa Kwaya, Mlikuwa Mkiota Moto wa Nani?

Wanangu na wajukuu wangu wa kanisa la Marafiki (Quaker), hapa kwetu Vihiga, magharibi mwa Kenya,

Mirembe.

Nilikusudia kunyamaza, lakini wiki ya tatu hii jambo lenyewe linanikaba koo. Ijumaa ile tulipokesha kwa mama yetu aliyewafundisha wengi wenu Shule ya Jumapili, mliimba mpaka wafiwa wakanyamaza kulia. Nilijivunia. Saa nne usiku mkaaga, mkasema mnakwenda kulala ili muamke mapema kwa mazishi. Saa sita nilitoka kwenda chooni. Chini kule, kando ya shamba la majani chai, jenereta ilikuwa ikinguruma, na ile disko matanga, dansi ya usiku kwenye msiba, ambayo chifu haishi kuipiga marufuku ilikuwa imepamba moto. Nikamulika tochi. Niliwaona. Binti mmoja ninayemjua tangu akibebwa mgongoni alikuwa ameivaa sweta ya kwaya ndani nje, ili nembo isionekane.

Sweta hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Asiyejua kwamba anakosea haigeuzi sweta.

Baadaye nilimwita kijana mmoja wenu, nikamuuliza. Akanijibu kwa adabu, "Guga," yaani babu, "sisi hatukucheza. Tulisimama tu na marafiki."

Mlisimama tu. Fungueni Zaburi ya kwanza: "Heri mtu yule asiyekwenda katika shauri la wasio haki, wala hakusimama katika njia ya wakosaji, wala hakuketi barazani pa wenye mizaha." Mtu huanza kwa kwenda, halafu husimama, mwisho huketi. Sasa mtazameni Petro usiku ule Bwana alipokamatwa. Kwanza alifuata kwa mbali. Yohana anasema palikuwa na baridi, watumishi wakawasha moto wa makaa, Petro akasimama pamoja nao akiota moto. Luka anasema aliketi katikati yao. Hakuwa amemchukia Yesu. Alihisi baridi tu, na moto uliokuwepo ulikuwa wa watu wale. Kabla jogoo hajawika alikuwa amemkana mara tatu, tena mbele ya kijakazi.

Na mimi nina moto wangu niliouota. Mwaka 1976 nilikuwa kijana wa miaka 22, kibarua wa kukata miwa upande wa Mumias. Jioni wenzangu walizunguka chungu cha busaa, pombe yetu ya kienyeji, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mimi nilikuwa mtoto wa Marafiki, sikunywa. Nilikaa nao kwa sababu walikuwa watu wazuri, wakarimu, nami nilikuwa mpweke mbali na nyumbani. Siku moja jirani yangu akainuka kwenda kujisaidia, akaniambia, "Nishikie mrija." Nikaushika. Ulikuwa bado na joto la mkono wake. Kesho yake akanipa tena niushike. Mwezi haukwisha kabla sijawa na mrija wangu mwenyewe.

Hakuna aliyenilazimisha, wanangu, wala aliyenicheka kwa kutokunywa. Ndiyo sababu sikuona hatari. Nilinywa miaka sita. Guku wenu, yaani mke wangu, alirudi kwao mara mbili, na mara ya pili alirudi na mtoto mgonjwa mgongoni, pesa za dawa nikiwa nimezinywa. Nyinyi mnaniona mstari wa mbele kanisani mkadhani nilizaliwa hapo.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, "Msidanganyike, mazungumzo mabaya huharibu tabia njema." Wanazuoni wengi wanasema maneno hayo aliyachukua kwa Menander, mtunzi wa michezo ya kuigiza wa Athene aliyeishi karne tatu na zaidi kabla yake. Mtu asiyemjua Mungu wetu aliliona jambo hili kwa macho tu, na sisi wenye Biblia kila nyumba tunabishana nalo!

Najua mtakalosema. Yesu alikula na wenye dhambi. Ni kweli, na ole wake atakayewafundisha kuwakimbia majirani zenu. Paulo mwenyewe anasema tukitaka kuwaepuka wazinzi na waabudu sanamu wote, ingetulazimu kutoka katika dunia. Lakini angalieni nani alimfuata nani. Lawi ndiye aliyeondoka forodhani. Yesu hakubaki pale kutoza ushuru. Kwa hiyo ukitoka kwenye jenereta saa tisa usiku, jiulize: kuna mmoja wao uliyekuja naye kanisani? Au wewe ndiye uliyejifunza kugeuza sweta?

Mengine nayataja tu. Kubeti: pesa za sare zilizopotea mwezi wa nne tunajua zilikwenda wapi, na kijana huyo alifunzwa na rafiki kwenye stendi ya boda. Makundi ya WhatsApp yenye picha chafu: mtu anaweza kulala chumba kimoja na mama yake na bado akawa katika kundi baya. Uchumba na mtu anayeudharau wokovu wako. Na umbea wa kwaya wenyewe. Hata ndani ya kanisa kuna baraza la wenye mizaha.

Lakini siwezi kuwalaumu ninyi nikatuacha sisi wazee. Ile disko iliitishwa na watu wazima, wakisema ni ya kuchangisha pesa za jeneza. Nani alilipia petroli ya jenereta? Nani aliona watoto wa darasa la saba pale, akapita? Wasichana wetu wanapata mimba kwenye matanga, halafu tunawaita wasichana wabaya. Na kanisa letu hufungwa kwa kufuli Jumapili saa nane hadi Jumapili nyingine. Kijana anayehisi baridi tumemwashia moto wapi?

Wamishonari watatu kutoka Marekani walipofika Kaimosi mwaka 1902, walituletea jina hili la Marafiki. Limetoka katika maneno ya Bwana: "Ninyi mmekuwa rafiki zangu, mkitenda niwaamuruyo." Linawauma wengine kuwa na Rafiki mwenye masharti. Mimi aliponirudia baada ya miaka sita, masharti hayo ndiyo yaliyonirudishia nyumba yangu.

Ijumaa hii kuna matanga ng'ambo ya mto. Nimewaomba wenye boma watuachie moto ulio karibu na mlango, nami nitakesha hapo mpaka alfajiri. Kayamba njooni nayo. Wale rafiki zenu wa kwenye jenereta njooni nao pia, chai itakuwepo ya kutosha. Na wewe binti yangu, njoo na sweta yako. Usiku kuna baridi.

Guga wenu