Shukrani kwa fundi wa saa wa River Road

Mzee wangu, jina lako sikulipata. Anayemfahamu yule fundi wa saa mwenye meza ndogo pale River Road, Nairobi, naomba amfikishie salamu hizi.

Nimependa kalamu za wino tangu shule ya msingi na ninazo nyingi, ila Parker 51 ya marehemu baba ndiyo ya moyoni. Wino ulikuwa umegandia ndani, haiandiki. Wengine walitaka kuing'oa ncha kwa koleo. Wewe ulikataa. Ulijua kuwa kalamu hizi, zilizotoka mara ya kwanza 1941, ncha yake imefunikwa, na nyuma yake kuna mifereji myembamba sana inayoshika wino. Ukailoweka kwenye maji baridi, ukawa unabonyeza kifuko cha wino cha ndani taratibu, yakatoka maji ya buluu, ukamwaga, ukaanza tena. Maji ya moto, ulisema, yangeipinda plastiki. Subira ile, na foleni ya wateja wa saa imekungoja!

Pesa ukakataa. Uliomba tu uandike nayo jina la mama yako.

Barua zangu zote sasa naziandika kwa kalamu hiyo. Asante sana, mzee wangu. Mungu akuzidishie afya.