Mgonjwa wa Parkinson aulizwe kabla ya kupewa dawa ya kuzuia kutapika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaouguza wazee wenye maradhi ya Parkinson, yaani maradhi ya kutetemeka, hapa Pemba hulijua baada ya kutufika, ilhali lingeweza kuzuiwa kwenye dirisha la dawa kwa suali moja tu.

Maradhi haya hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo hushika kwenye vipokezi vyake ndipo viungo vikaenda kwa wepesi. Tangu daktari George Cotzias alipoonesha huko Marekani mwaka 1967 kwamba levodopa, dawa ya kumeza ambayo ubongoni hugeuka dopamini, ikiongezwa kidogo kidogo hadi kipimo kikubwa, huwanyanyua wagonjwa, dawa hiyo ndiyo tegemeo, na siku hizi huchanganywa na karbidopa, inayoizuia isiharibike kabla ya kufika ubongoni. Lakini levodopa humchafua mtu roho, hasa mwanzoni. Akilalamika kuwa anatapika, mgonjwa hupewa metoklopramidi, dawa rahisi isiyokosekana madukani, ambayo huzuia kutapika kwa kuviziba vipokezi hivyo hivyo vya dopamini, hata vya ndani ya ubongo. Ni sawa na kumkaribisha mgeni barazani na huku mlango wa ndani umeukomea.

Mjomba wangu alichomwa sindano ya dawa hiyo katika kituo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Siku zilizofuata alishindwa kufunga vifungo vya kanzu yake, na usiku ikawa lazima wanawe wamgeuze ubavu. Sote tukadhani maradhi yamepanda. Haloperidoli, ambayo pengine hutolewa mzee anapoanza kuona vitu visivyokuwepo, nayo huziba vipokezi hivyo, tena kwa nguvu.

Sisemi kwamba metoklopramidi ni sumu. Kwa mtu mwengine inafaa, ingawa Ulaya tangu 2013 wameshauri isizidi siku 5. Kwa mwenye Parkinson ipo domperidoni, ambayo huingia ubongoni kwa uchache sana, ila daktari aangalie kwanza hali ya moyo wake.

Ninaiomba Wizara ya Afya Zanzibar iagize majina ya metoklopramidi, haloperidoli na nyengine zinazoziba dopamini yaandikwe kwenye daftari la kila mgonjwa wa Parkinson, kwa wino mwekundu na kwenye ukurasa wa mwanzo, na wauza dawa wafunzwe kuuliza, kabla ya kutoa dawa ya kutapika kwa mtu mzima, kama ana maradhi ya kutetemeka.

Msomaji wako,
Wete, Pemba