Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mimea Dawa na Vipimo Vinavyodanganya

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ya ufundi haikuhangaika na mimea mipya. Ilirudi kwenye matokeo tuliyokwisha kuyaita mazuri na kuyauliza swali moja: je, mmea umeua kimelea, au umedanganya kipimo? Yanayofuata ni mabadiliko tuliyokubaliana katika mwongozo wa pamoja wa upimaji, pamoja na sababu zake. Hesabu za chama zimo katika waraka wa mweka hazina, sitazirudia.

Naanza na malaria, kwa kuwa ndiko dondoo nyingi, yaani viambato vilivyotolewa kwenye mimea, zinakopelekwa kwanza. Kipimo chenyewe mnakijua. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, anakuzwa ndani ya seli nyekundu za damu ya binadamu kwa njia iliyotolewa na Trager na Jensen mwaka 1976. Hematokriti, yaani sehemu ya ujazo inayochukuliwa na seli nyekundu, huwekwa asilimia 2, seli zenye vimelea ziwe asilimia 0.5 hadi 1, hewa iwe na oksijeni kidogo, joto nyuzi 37. Baada ya saa 72 tunatia rangi ya SYBR Green, ambayo hung'aa inapojishika na DNA. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, hivyo mng'ao tunaousoma ni wa kimelea.

Tatizo ni saponini. Mimea mingi inayotoa povu ukiisugua majini inazo, nazo hutoboa utando wa seli nyekundu. Seli ikipasuka kimelea hakina pa kuishi, mng'ao unashuka, na mashine inaandika namba ya kupendeza. Kabla ya kuamini namba hiyo, inamisha sahani ya vishimo uitazame kwa macho. Seli nzima hutulia chini ya kishimo kama kitone chekundu chenye ukingo, na majimaji ya juu hubaki na rangi yake. Zikiwa zimepasuka, kitone hakipo na kishimo chote ni chekundu kinachopenyeza mwanga. Ukipaka tone kwenye kioo na kulitia rangi ya Giemsa, utaona vivuli vya seli, miduara mitupu isiyo na kitu ndani. Kimelea kilichouawa na dawa huonekana tofauti kabisa: nukta nyeusi iliyojikunja ndani ya seli ambayo bado ni nzima.

Kwa hiyo kuanzia sasa kila dondoo itapimwa pia kwenye seli nyekundu zisizo na vimelea, kwa hematokriti ileile na viwango vilevile. Baada ya muda wa kipimo zungusha kwenye sentrifuji, chukua majimaji ya juu, soma kwenye nanomita 540. Linganisha na seli zilizopasuliwa zote kwa sabuni ya maabara, Triton X-100, ya asilimia 1. Kwenye kiwango ambacho upasukaji unazidi asilimia 5, matokeo ya malaria hayahesabiwi.

Kosa la pili ni gumu kuligundua, na kwa maoni yangu ndilo la hatari zaidi. Kwa vimelea vya malale tunatumia resazurini: vimelea vinakaa na dondoo, rangi inaongezwa karibu na saa ya 70, kisha inasomwa. Kiumbe hai huigeuza kutoka buluu kuwa waridi. Lakini kemikali za mimea kama tanini, polifenoli nyingine na vitamini C huweza kuigeuza zenyewe. Weka safu moja ya vishimo yenye dondoo ya gome na majimaji ya kukuzia tu, bila seli yoyote, utie resazurini. Ikiwa tanini ni nyingi, kishimo chenye dondoo nyingi kinaanza kuwa waridi, kinachofuata kinakuwa zambarau, na cha mwisho kinabaki buluu. Hakuna kilicho hai katika safu hiyo, ila mashine itasema kipo.

Kwenye kipimo cha vimelea kosa hili linatupotezea mmea mzuri. Kwenye kipimo cha sumu madhara yake ni makubwa zaidi: seli za binadamu zimekufa, rangi inaonyesha ziko hai, na dondoo yenye sumu inapewa cheti cha usalama. Dondoo za majani zilizojaa klorofili huleta kosa la upande mwingine, maana hufunika mng'ao na kufanya vimelea vizima vionekane vimekufa. Safu ya dondoo bila seli sasa ni lazima kwenye kila sahani. Inakula vishimo, najua, lakini sahani isiyo nayo haitapokelewa.

Kwa leishmania, kimelea kinachoenezwa na usubi, wengi bado wanapima promastigoti peke yake kwa sababu hukua kirahisi kwenye nyuzi 26. Hiyo ni hali ya kimelea ndani ya usubi. Ndani ya mgonjwa kimelea ni amastigoti aliyejificha katika makrofaji, yaani seli za kinga, na dawa inapaswa kupenya kuta kadhaa kabla ya kumfikia. Promastigoti tutawatumia kuchuja tu. Neno la mwisho litatoka kwenye makrofaji zilizoambukizwa, huku amphoterisini B au miltefosini ikiwa dawa ya kulinganishia. Hesabu makrofaji zilizobaki, si vimelea pekee: dondoo iliyoua makrofaji itapunguza maambukizi bila kutibu chochote.

Hapo ndipo inapoingia fahirisi ya uteuzi, yaani kiwango kinachoua nusu ya seli za binadamu kugawanywa kwa kiwango kinachoua nusu ya vimelea. Tunataka izidi 10. Kuhusu nguvu yenyewe, kamati imeweka mipaka: dondoo ghafi yenye IC50 (kiwango hicho kinachoua nusu ya vimelea) chini ya mikrogramu 10 kwa mililita inaendelea, kati ya 10 na 50 inatenganishwa tu kama fahirisi yake ni nzuri, na juu ya 100 tunaandika kwamba haina nguvu. Kwenye viwango vikubwa hivyo karibu kila kitu kinamsumbua kimelea.

Kichocho kimetufundisha kutoihukumu saponini mahali pote. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aliona konokono waliokufa katika mto nchini Ethiopia, mahali watu walipofulia nguo kwa matunda ya endodi, Phytolacca dodecandra. Saponini zilezile zinazotuharibia kipimo cha malaria ndizo zilizoua konokono wanaobeba vimelea. Wanaopima mimea ya namna hii wakumbuke kwamba konokono akisumbuliwa hujivuta ndani ya gamba akaonekana mfu. Baada ya saa 24 ndani ya dondoo, mwoshe, mweke saa 24 nyingine katika maji safi, ndipo umguse na kutazama mapigo ya moyo. Pimeni na samaki pia, maana saponini huwaua.

Endodi inagusa jambo jingine tulilolijadili sana: utayarishaji. Matunda yake yakipondwa katika maji, vimeng'enya vya mmea wenyewe hukata sukari fulani na kuifanya saponini iwe kali. Ukianza na methanoli unavizima vimeng'enya hivyo na kupata dondoo dhaifu. Kwa pakanga ya Kichina, Artemisia annua, ilikuwa kinyume. Kuchemsha kuliharibu. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alisoma maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, yanayosema mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe, bila kutaja moto. Akahamia kwenye etha, inayochemka karibu na nyuzi 35, na dondoo ya Oktoba 1971 ikafuta vimelea vyote katika panya. Artemisinini, kiambato chenye kuua kimelea cha malaria, ilitengwa mwaka 1972, na tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 2015.

Basi tukienda kwa mtabibu wa tiba asili tusiulize jina la mti tu. Tuandike ni sehemu gani, imechumwa lini, mbichi au kavu, maji baridi au moto, imekaa muda gani. Dondoo ya kwanza ifuate njia yake hatua kwa hatua. Ya pili ndiyo iwe ya kiyeyushi: gramu 100 za unga mkavu katika lita 1 ya ethanoli, saa 24, rudia mara tatu, chuja, kausha kwa joto lisilozidi nyuzi 40, pima uzito. Majani yakaushwe kivulini yakiwa yametandazwa. Yakipata ukungu tupa, la sivyo utapima sumu ya ukungu. Kiyeyushi cha DMSO ndani ya kishimo kisizidi asilimia 0.5, na kila ukizimua dondoo itazame kwenye mwanga. Ikifanya wingu imeganda, na kiwango ulichoandika si kweli.

Kwa panya, kipimo cha Peters cha siku nne cha dawa za malaria kinabaki, baada ya kibali cha maadili. Wapimwe uzito kila siku, maana panya aliyedhoofishwa na sumu huwa na vimelea vichache pia. Msikate tamaa matokeo ya sahani yasipojirudia: gedunini ya mwarobaini ina nguvu katika sahani na hufanya vibaya ndani ya panya. Jenasi za Aristolochia, Crotalaria na Senecio hatuzipeleki mbele hata namba zikivutia, kwa sumu zao za figo na ini.

Makubaliano ya maandishi na wenye maarifa yafanyike kabla ya kuchuma, kama Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa ya mimea na viumbe wengine, inavyotaka tangu ilipoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014. Na mwanachama asimwambie mgonjwa atumie mmea kwa sababu ya IC50. Shirika la Afya Duniani halipendekezi hata chai ya pakanga, kwa kuwa kiasi cha artemisinini ndani yake hakitabiriki na dozi ndogo huzoesha kimelea.

Kabla ya mkutano mkuu kila maabara itume miligramu 50 za kila dondoo iliyowahi kuripotiwa kuwa na nguvu, ili ipimwe upya. Iwe kavu, ndani ya chupa ya kahawia, ihifadhiwe nyuzi 20 chini ya sifuri, ikiwa na namba ya sampuli ya hebaria (mmea uliokaushwa na kuhifadhiwa ili utambulike) yenye ua au tunda. Chupa isiyo na namba hiyo itarudishwa bila kufunguliwa.

Mwenyekiti