Krediti haitolewi na ofisi ya fildi

Mhariri,

Vijana wetu wanaokwenda kusoma sheria Marekani huhangaikia kupata fildi, yaani mafunzo ya kazini, kwa jaji au kwenye shirika lenye jina, wakiamini wakishaipata, krediti (vipimo vya masomo vinavyohesabiwa ili kuhitimu) zitakuja zenyewe. Haziji. Kwa kanuni za ABA, chama cha mawakili kinachoidhinisha vyuo vya sheria huko, fildi yenye krediti ni kozi ya chuo. Asiyejisajili kwanza aweza kumtumikia jaji muhula mzima, akaondoka na barua ya shukrani bila krediti hata moja.

Kanuni ya 304 inataka maelewano ya maandishi kati ya mwanafunzi, mwalimu wa chuo na mwenye mamlaka pale ofisini: kazi gani zitafanywa, nani atasimamia, tathmini itatolewaje. Kazi zenyewe ziwe za kiwakili. Kupokea simu na kutoa nakala hakuingii, hata kukiandikwa "utafiti".

Wengi huponzwa na saa. Kanuni ya 310 ukiipigia hesabu, krediti 1 ni saa 42.5 za kazi, na vyuo vingine hudai zaidi. Krediti 3 ni saa 127.5, yaani karibu saa 10 kwa wiki katika muhula wa wiki 13. Sasa ofisi ya serikali ikichelewesha uchunguzi wa usalama, mwanafunzi akaanza wiki ya nne, kwa saa zilezile 10 atafikisha 100 tu. Pengo la saa 27.5 halizibiki wiki ya mitihani. Muda wa njiani na wa chakula usiuhesabu. Daftari la saa lijazwe jioni ileile, kwa kazi moja moja: "kutafuta maamuzi ya rufaa kuhusu dhamana, saa 2.5, rasimu ya hoja, saa 3." Anayeandika "ofisini, saa 8" kila siku anamtafutia msimamizi wake sababu ya kukataa kusaini.

Kuhusu posho, hadi 2016 ABA ilikataza kupokea malipo na krediti kwa pamoja. Katazo limeondolewa, ingawa chuo chaweza kubaki nalo. Kwa maoni yetu lilikuwa likimwumiza asiye na ndugu wa kumpa pa kulala Washington.

Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, ana lango jingine. Fildi ya nje ya chuo huombewa kibali cha CPT, cha kufanya kazi wakati wa masomo, kupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa mwajiri mmoja na tarehe maalumu, na kiwe kimeshaandikwa kwenye fomu ya I-20, hati yake ya uanafunzi inayotolewa na chuo, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kwa kawaida hakitolewi kabla ya kumaliza mwaka mzima wa masomo. Ndiyo maana wanaokwenda kusoma LLM, shahada ya uzamili ya sheria, ya miezi tisa, nao ndio wengi kutoka kwetu, hukikosa. Wao waulizie kliniki ya sheria iliyo ndani ya chuo, ambako wanafunzi huhudumia wateja halisi chini ya walimu. Anayekipata naye awe mwangalifu: miezi 12 ya CPT ya kutwa humnyima OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu.

Wanaolenga uwakili wa New York wanadaiwa pia saa 50 za msaada wa kisheria bila malipo. Hizi zaweza kufanywa hata Dar es Salaam au Nairobi, chini ya wakili aliyesajiliwa hapo, na anayeomba uwakili kwa kupitia LLM anaruhusiwa kuanza mwaka mmoja kabla ya masomo. Kila msimamizi husaini fomu yake ya uthibitisho. Isainiwe kabla hujaaga ofisi, maana mawakili huhama na majaji hustaafu, na kumtafuta mtu miaka miwili baadaye kwa ajili ya sahihi moja ni kazi ya kuchosha.

Washauri wa wanafunzi wa sheria,
Dar es Salaam