Mdogo wangu, Babu alikuwa askari na fundi viatu

Mdogo wangu,

Asalaam aleykum. Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei tangu arobaini ya Shangazi.

Siku ile ulisimama barazani mbele ya wazee ukasema umemtafuta Babu kwenye intaneti, hayumo, basi habari za vita alivyopigania Ufaransa ni porojo. Kisha ukachagua msharasi wake wa kutobolea ngozi uwe kumbukumbu yako, ukachana karatasi ya kwanza ya kijitabu chake cha jeshi, ukauviringisha ncha isikuchome. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijaweza kulisahau lile.

Ulitafuta pasipo. Orodha ya Mémoire des hommes, tovuti ya jeshi la Ufaransa, uliyoifungua, ile ya vita vya 1914 hadi 1918, ni ya waliokufa, walioandikiwa Mort pour la France, yaani aliyeifia Ufaransa, zaidi ya milioni 1.3. Babu alirudi. Aliyerudi akashona makubadhi mpaka macho yakafifia, hawezi kuwamo humo.

Faili za askari wa makoloni ziulizie Pau, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye hifadhi ya nyaraka za wanajeshi. Usiwapelekee jina tupu. Wape jina, mwaka, kisiwa, kikosi na nambari. Na nambari ni mbili: ya "au Corps" hubadilika askari akihamishwa kikosi, ya "au Recrutement" ndiyo aliyopewa alipoandikishwa. Watu huzichanganya, wakaletewa mtu mwingine kabisa.

Jina nalo usiliandike kwa tahajia yetu. Kwa karani wa Kifaransa Bwana huwa Boina, Hamadi huwa Houmadi, Saleh huwa Soilihi. Ngazija ni Grande Comore, Nzwani ni Anjouan. Sheria ya 1912 iliviunganisha visiwa vya Komoro na Madagascar, kwa hiyo Wangazija watafute pia katika vikosi vya tirailleurs malgaches, askari wa miguu wa Kimalagasi. Ukishikilia neno Comores peke yake, unampita. Ukikuta "né vers 1895", yaani alizaliwa yapata 1895, ujue karani alikisia. Angalia miaka mitano mbele na mitano nyuma.

Kikosi kikishajulikana, shajara zake za vita zimo mtandaoni, siku kwa siku. Askari wa kawaida hatajwi kwa jina, lakini utajua alilala wapi. Batalioni ya 12 ya Wamalagasi, kwa mfano, ilipigana upande wa Soissons mwaka 1918.

Na hilo neno "tu" ulilomwekea, fundi viatu tu, limeniuma kuliko yote. Tazama palipoandikwa Profession, yaani kazi. Cordonnier, fundi viatu, hapo ni kazi aliyokuja nayo kutoka kwao. Likiandikwa kwenye kurasa za utumishi, maana yake alishona ndani ya jeshi, maana kila kikosi kilihitaji mafundi wake. Hayo ni mambo mawili, na ndiyo yatakayotuambia kama ufundi aliutoa kwa baba yake au kambini. Aliporudi akahamia Unguja, alikuwa bado mtawaliwa wa Ufaransa, na Wangazija wa hapa walikuwa chini ya konseli ya Ufaransa. Makaratasi ya konseli yapo Nantes, mji mwingine wa Ufaransa, si Pau.

Ndiyo, kasha la vitu vya Babu nililichukua mimi, usiku uleule. Uliwaambia watu nimeiba. Ningeliacha, kalibu zake za mbao za kushonea viatu zingekuwa kuni na kijitabu kingeisha karatasi moja moja. Wewe ndiye uliyemshika mkono Shangazi siku zake za mwisho, nami sikuwapo, hilo sikunyimi. Lakini kasha nisingeliacha.

Sasa nakuomba. Ufungue huo msharasi polepole, pale nta ilipogandia usivute. Acha mpaka ijiachie. Usiipige pasi hiyo karatasi, wala usiibandike selotepu, gundi yake hugeuka manjano na kula wino. Ilaze kati ya karatasi mbili nyeupe, juu weka kitabu kizito. Ipige picha pande zote mbili karibu na dirisha, bila taa ya simu. Kisha nisomee nambari iliyo kando ya neno Recrutement, hata kama tarakimu moja imetobolewa.